Mpigania Uhuru, Jambazi, Gaidi: Miaka Sitini ya Vita Vyetu Ng'ambo ya Ruvuma

Chang'ombe haina sifa ya vita. Watu wanaijua kwa uwanja wa mpira, kwa VETA, kwa chuo cha ualimu ambacho siku hizi ni DUCE, na kwa ile foleni ya siku ya Simba na Yanga isiyomjua waziri wala mgonjwa. Lakini toka hapo, shuka upande wa Kurasini. Ni huko ambako mwaka 1963 vijana wakimbizi kutoka Msumbiji walifunguliwa shule yao, Taasisi ya Msumbiji, chini ya usimamizi wa Janet Mondlane, mke wa rais wa FRELIMO. Waliokuja kushika bunduki na waliokuja kushika chaki walikuwa kizazi kimoja, na majirani zao walikuwa ni sisi watu wa Temeke.

Kurasini hapohapo inapita Barabara ya Kilwa. Ifuate. Utaipita kambi ya Mgulani, utaipita Mbagala, Mkuranga na Kibiti, utavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, utafika Lindi, kisha Mtwara, zaidi ya kilomita 500 kutoka ulipoanzia. Mbele kidogo ni mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Cabo Delgado.

Kwa miaka 60 serikali yetu imekuwa na jambo ng'ambo ya mto huo. Mara ya kwanza ilimsaidia mtu ambaye adui yake alimwita gaidi. Mara ya pili ilipeleka askari kupigana na mtu aliyeitwa jambazi. Mara ya tatu, ambayo ndiyo hii tunayoishi nayo, imepeleka askari kupigana na mtu anayeitwa gaidi. Majina yamebadilika na maadui si walewale. Kitu kimoja kimekwenda upande mmoja tu muda wote: maelezo tunayopewa sisi raia yamekuwa yakipungua. Na mimi naona kwamba katika vita ya sasa, upungufu huo wa maneno ni udhaifu wa kivita kabisa, kama vile kukosa risasi.

Gaidi wa Wareno

FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam, Juni 1962. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaweka hapahapa makao ya Kamati yake ya Ukombozi. Usisahau hali yetu wenyewe wakati huo. Januari 1964 askari wa Colito, kambi tunayoiita leo Lugalo, waliasi, na serikali changa ikalazimika kuwaita Waingereza waje kuwazima. Jeshi la Wananchi lilianzishwa upya Septemba 1 mwaka huohuo. Siku 24 baadaye, Septemba 25, wapiganaji wa FRELIMO walioanzia upande wetu walishambulia kituo cha Wareno kule Chai, Cabo Delgado. Nchi ambayo miezi minane nyuma haikuweza kuwatuliza askari wake yenyewe ilikuwa sasa ndiyo ghala, shule na kitanda cha wagonjwa cha vita ya jirani.

Lisbon iliwaita watu hao magaidi. Ndivyo walivyoandikwa katika taarifa za jeshi la Kireno, na ndivyo walivyosemwa redioni. Huku kwetu waliitwa wapigania uhuru, na jina hilo halikuwa la serikali peke yake. Watu walilielewa. Mmakonde wa Newala hakuhitaji kuelezwa Mueda ni wapi wala kilitokea nini pale Juni 1960, Wareno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Alikuwa na shangazi kule. Vibarua wa mkonge waliotoka Msumbiji walikuwa wamejaa Tanga na Lindi miaka mingi kabla ya vita. Makumi ya maelfu ya wakimbizi walivuka mto wakapewa ardhi, Rutamba kule Lindi na kwingineko. Vijiji vya mpakani vililipa gharama kwa mabomu yaliyotegwa ardhini na kwa uvamizi wa Wareno. Hakuna aliyeuliza tunalipia nini.

Halafu ikaja Februari 3, 1969. Eduardo Mondlane alifungua kifurushi, Oysterbay, ndani yake mna kitabu, ndani ya kitabu mna bomu. Sisi tunaopenda vitabu tungepaswa kuikumbuka siku hiyo kuliko tunavyoikumbuka. Wanahistoria wengi wanaielekezea kidole PIDE, polisi ya siri ya Ureno, pamoja na mikono ya ndani ya chama chenyewe. Mtu aliyeitwa gaidi na serikali moja ya Ulaya aliuawa kwa njia ambayo leo kila kamusi ingeiita ugaidi, katika mji wetu, mchana kweupe.

Silisemi hili ili tuseme "gaidi" ni jina tupu, kwamba kila mtu ni gaidi wa mwenzake na basi. Hapana. Anayewachinja wanakijiji ana jina lake, na jina hilo halifutwi kwa hoja za darasani. Nalisema kwa sababu Dar es Salaam ni mji uliowahi kulikataa neno hilo, na ulikuwa na sababu zake na ukazisema. Mji wa namna hiyo, ukiamua siku moja kulitumia neno lilelile na kupeleka vijana wake kufa kwa ajili yake, unatakiwa pia kueleza.

Majambazi wa Zambézia

Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, na vita haikwisha. Rhodesia ya Ian Smith ilianza kuvuka mpaka na kuisaidia RENAMO. Baada ya 1980 Makaburu wakaichukua kazi hiyo. Askari wa Tanzania walikuwapo Msumbiji tangu miaka hiyo ya mwanzo. Kisha, baada ya ndege ya Samora Machel kuanguka Mbuzini Oktoba 19, 1986, na RENAMO kuitikisa Zambézia, Rais Ali Hassan Mwinyi alipeleka kikosi cha askari wapatao 3,000. Walikaa huko hadi mwishoni mwa 1988.

Maputo iliwaita RENAMO majambazi wenye silaha, na sisi tukalipokea neno. Ni neno zuri kwa serikali, maana jambazi hana hoja. Jambazi hatafutiwi sababu. Anatafutwa tu. Baadaye, mwaka 1992, serikali ya Msumbiji ilikaa Roma na majambazi hao ikatia sahihi mkataba wa amani, nao wakaenda bungeni.

Hapa ndipo ninapotaka tuangalie rafu zetu za vitabu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ina fasihi na kumbukumbu. Nyerere aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam akaeleza sababu, uwezo na nia, na nchi nzima ikayashika maneno hayo matatu kwa kichwa. Hadi leo mtoto aliyezaliwa 2005 anaweza kukutajia. Bendi zilipiga. Baldwin Mzirai aliandika *Kuzama kwa Idi Amin*, kikatoka 1980 wakati vidonda havijakauka. Na upande wa riwaya pendwa tulikuwa na Elvis Musiba na Willy Gamba wake, mpelelezi wa Kitanzania aliyekuwa akipanda ndege kwenda kuwakabili mawakala wa Makaburu; *Kikosi cha Kisasi* kilimpeleka hadi Kinshasa. Unaweza kuzicheka zile bastola na wale warembo, lakini riwaya hizo zilimpa msomaji wa Temeke ramani: adui yuko wapi, anataka nini, kwa nini tumfuate hukohuko.

Zambézia je? Nani anakumbuka wimbo wake? Muulize kijana yeyote wa kidato cha sita hapa Chang'ombe jina la mji mmoja ambako Watanzania walipigana mwaka 1987. Kule Mtwara, Naliendele, yako makaburi ya mashujaa, Watanzania waliokufa katika vita vya ukombozi wa kusini, na Siku ya Mashujaa imewahi kuadhimishwa hapo, shada likawekwa na mizinga ikapigwa. Makaburi tunayo. Simulizi ndiyo tuliyoiacha ng'ambo.

Agosti 1998

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, gari la mizigo lililojaa milipuko liliufikia ubalozi wa Marekani, enzi hizo ukiwa upande wa Kinondoni. Wakati uleule Nairobi nayo ililipuliwa. Hapa kwetu walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi walikufa zaidi ya 200. Hayo yalikuwa maarifa mapya kwetu: vita ya watu wengine inaweza kukukuta unakwenda kazini.

Marekani ilijibu baada ya siku 13 kwa makombora, Afghanistan na Khartoum. Tanzania haikupeleka jeshi popote. Ilikamata, ilishirikiana na wapelelezi wa FBI, na mwaka 2002 ikatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, ambayo wanaharakati waliilalamikia tangu siku ya kwanza kwamba maana yake ya "ugaidi" ni pana mno. Miongoni mwa waliohukumiwa New York walikuwamo vijana wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed na baadaye Ahmed Khalfan Ghailani, wote kifungo cha maisha. Yaani tangu mwanzo, adui hakuwa mgeni aliyeshuka kwa parachuti. Alizungumza kama sisi.

Majirani walichagua njia nyingine. Uganda ilipeleka askari Somalia Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Julai 11, 2010, watu zaidi ya 70 wakauawa Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Kenya ilivuka mpaka Oktoba 2011 kwa operesheni yenye jina la Kiswahili, Linda Nchi, iliyotangazwa na mawaziri mbele ya waandishi wa habari. Zikafuata Westgate mwaka 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, watu 148. Na Januari 2016 kambi ya Wakenya kule El Adde ikavamiwa alfajiri. Hadi leo Nairobi haijawaambia Wakenya idadi kamili ya vijana wao waliofia pale.

Kwa hiyo anayeitetea serikali yetu ana hoja, na ni haki tuisikilize. Atasema: oneni, waliopiga ngoma walipigwa. Sisi tulikaa kimya, hatukujitangaza Somalia, na Kariakoo haijalipuliwa. Atasema pia kwamba askari aliye porini halindwi na mkutano wa waandishi wa habari. Sawa. Lakini tazama vizuri mfano wa Kenya. Kelele zao zilikuwa za kuingilia vitani. Ilipofika zamu ya kuhesabu maiti, nao walinyamaza. Kutangaza operesheni kwa mbwembwe ni jambo moja, kuwaambia raia ukweli ni jambo la pili. Mtu anaweza kuacha la kwanza bila kuliacha la pili.

Semuliki

Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki mwa Kongo. Haikuwa ile kazi ya kofia za bluu tuliyoizoea, ya kukaa katikati na kuandika ripoti. Ilipewa ruhusa ya kushambulia. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilitoa askari, na kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwaka huo M23 walishindwa, na kwa mara moja tuliona picha za askari wetu wakishangiliwa Goma.

Kisha zikaja habari za Beni. Huko adui alikuwa ADF, kundi lililoanzia Uganda miaka ya 90 na kuhamia misitu ya Kongo. Kiongozi wake wa muda mrefu, Jamil Mukulu, alikamatwa mwaka 2015, alikamatiwa wapi? Tanzania. Julai mwaka huo akarudishwa Uganda. Baada yake kundi lilijiunganisha na Dola ya Kiislamu, na Machi 2021 Marekani iliwaandika ADF na wapiganaji wa Cabo Delgado siku moja, katika tangazo moja, kuwa matawi ya mti mmoja.

Jioni ya Desemba 7, 2017, kambi ya Watanzania kwenye mto Semuliki ilishambuliwa na watu wanaoaminika kuwa ADF. Vita ilichukua saa nyingi. Watanzania 15 walikufa na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilieleza kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja huo katika historia ya karibuni. Miili ikaletwa, majeneza yenye bendera yakapangwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza kuwaaga, na kila familia ikachukua wa kwake kwenda kuzika.

Wiki ile, mtu aliyetaka kujua kwa nini vijana wale walikuwa Semuliki, ADF ni nani, wanataka nini na wana uhusiano gani na sisi, alipata majibu kwa urahisi zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa kuliko kwa Kiswahili. Tulipewa rambirambi nyingi, na za dhati. Rambirambi humwambia mfiwa pole. Hazimwambii mwanawe alifia nini.

Kitaya

Turudi kwenye Barabara ya Kilwa. Mwaka huohuo wa 2017, Kibiti na Rufiji zilikuwa na hofu. Askari polisi wanane waliuawa jioni moja ya Aprili. Wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa mmoja mmoja, majumbani kwao. Serikali ilipeleka vikosi. Ripoti za watu kupotea zikaanza. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiandikia magazeti ya Mwananchi na ambaye alikuwa ameziripoti habari za mauaji hayo, alichukuliwa Novemba 21, 2017, na hajaonekana tena. Sitaki kuharakisha hapa. Mtu aliyekuwa akitueleza vita ya Kibiti kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, hayupo.

Oktoba 5 ya mwaka huo, katikati ya hayo yote, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Wenyeji waliwaita mashababi. Baadhi ya waliokuwa Kibiti, polisi wetu walisema baadaye, walikuwa wamevuka mto. Katika kesi kubwa iliyoanza kusikilizwa Pemba Oktoba 2018, yenye washtakiwa zaidi ya 180, walikuwamo Watanzania. Mkoa wenyewe ulikuwa nyasi kavu: rubi zimegunduliwa Montepuez, gesi imegunduliwa baharini, na kijana wa Kimwani wa pwani ameambulia kuhamishwa kutoka kwenye shamba la baba yake. Agosti 2020 mashababi waliuteka mji wa Mocímboa na bandari yake.

Oktoba 14, 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi wetu mkuu, walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, mkoani Mtwara. Waliua, walichoma nyumba. Watu wa Mtwara walijua usiku uleule. Sisi wa Dar tulianza kuona vipande vya video kwenye simu, hatujui ni vya kweli au vya uongo, vya leo au vya mwaka juzi, mpaka siku kadhaa baadaye Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, alipothibitisha kwamba kweli tumevamiwa. Fikiria mahali pengi duniani kijiji cha mpakani kikivamiwa na kundi lenye jina la kimataifa. Kwetu kilipita katikati ya kampeni kama mvua ya rasharasha.

Machi 24, 2021, ilikuwa zamu ya Palma. Kampuni ya Total ilisimamisha mradi wake wa gesi. Rwanda ikapeleka askari 1,000 mwezi Julai, na mwezi huohuo SADC ikaanza ujumbe wake wa kijeshi, SAMIM, na Tanzania ikiwamo. Watanzania walipewa wilaya ya Nangade, ng'ambo tu ya mto. SAMIM ilifungwa Julai 2024, nchi nyingine zikarudisha askari wao, lakini askari wetu wamebaki Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili. Wangapi, mpaka lini, wamefanikiwa nini: mtu wa kawaida akitaka kujua, atafute kwenye ripoti za wachambuzi wa nje.

Na kuna jambo lililonishtua kuliko idadi za askari. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lililalamika kwamba maelfu ya raia wa Msumbiji waliokimbia Palma na kuvuka Ruvuma walikuwa wakirudishwa na Tanzania, wakipitishwa Negomano. Negomano ndipo linapotua Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kwa hotuba za undugu. Nchi ya Rutamba! Nchi iliyowapa wakimbizi wa FRELIMO mashamba! Labda ziko sababu za kiusalama. Mtu anaweza kujificha kati ya wakimbizi. Lakini sababu hizo hatukuzijadili hadharani. Uamuzi wa kuufuta utamaduni wa nusu karne ulipita bila mjadala wenye uzito wa jambo lenyewe.

Nani anazungumza Kiswahili?

Sasa nije kwenye hoja yangu. Vita hii ina lugha, na lugha hiyo ni hii ninayoiandika.

Cabo Delgado watu wanazungumza Kimwani, Kimakua, Kimakonde, na pwani yote Kiswahili kinasikika. Wapiganaji wenyewe wamejirekodi wakihutubia wanakijiji kwa lugha hizo, Kiswahili kikiwamo. Kabla yao, mahubiri ya Aboud Rogo, shehe wa Mombasa aliyeuawa kwa risasi Agosti 2012, yalizunguka pwani nzima kwa kanda na kwa simu, na watafiti wengi wameyataja kama chemchemi mojawapo ya fikra zilizofika Msumbiji. Yalikuwa kwa Kiswahili. Kiswahili kizuri, cha mtu anayejua kusimulia, anayejua pa kupandisha sauti na pa kunyamaza. Kijana asiye na kazi alimsikiliza mtu aliyemweleza dunia kwa lugha ya mama yake: nani kakudhulumu, kwa nini, na ufanye nini.

Kijana huyohuyo serikali inamweleza nini? Inamwambia hali ni shwari, wananchi waendelee na shughuli zao za kila siku.

Ndiyo maana nasema ukimya ni udhaifu wa kivita. Wareno walishindwa kule Cabo Delgado wakiwa na ndege, mabomu na jeshi lililolizidi la FRELIMO mara nyingi. Walikosa maelezo ambayo Mmakonde angeyaamini. FRELIMO ilikuwa na maelezo, na sisi tukiwa nyuma yake tulikuwa nayo pia. Kurasini ilikuwa na darasa kabla Nachingwea haijawa na gwaride. Leo tumepeleka gwaride, darasa tumemwachia mwenzetu wa ng'ambo.

Sheria nayo imetusaidia kunyamaza. Ibara ya 44 ya Katiba inasema Rais akitangaza hali ya vita kati yetu na nchi nyingine, lazima apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, naye Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 tangu tangazo hilo, ili Bunge liamue. Ibara hiyo iliandikwa kwa ajili ya vita vya aina ya Kagera: nchi kwa nchi, bendera kwa bendera. Mashababi si nchi. ADF si nchi. Msumbiji na Kongo ni rafiki zetu, wametualika. Kwa hiyo askari anaweza kwenda, akapigana, akafa, bila "vita" kuwapo kisheria, na bila Bunge kulazimika kusimama na kuuliza. Walioiandika ibara ile hawakuwa na nia mbaya. Vita imebadilika umbo, ibara imebaki palepale. Mjadala wa katiba mpya ukirudi, na utarudi, hili nalo liwekwe mezani: serikali ikipeleka kikosi kupigana nje, kwa jina lolote lile, Bunge liambiwe ndani ya siku 14 ni wapi, kwa lengo gani na kwa muda gani. Hakuna siri ya kijeshi ndani ya maswali hayo matatu. Adui anajua tuko Nangade. Asiyejua ni mtu wa Mbagala.

Na sisi waandishi tusijifiche nyuma ya serikali. Hakuna sheria inayokataza riwaya juu ya mjane wa Semuliki, au tamthiliya ya Kitaya, au kitabu cha mahojiano na wale wazee wa Zambézia wakiwa bado hai. Aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1987 leo anakaribia 60 na kupita. Wengi wao wako hukuhuku kwetu, Temeke, Mbagala, Kigamboni, wanalinda maghala usiku au wanafuga kuku. Wanazijua Quelimane na Mocuba. Hawajaulizwa.

Tuwaulize tarehe, majina ya vijiji, walichokula, walichoambiwa kabla ya kuvuka na walichokikuta walipovuka. Tuyaandike kwa Kiswahili kinachosomeka. Siku kijana wa Lindi akipokea ile sauti kwenye simu, inayomweleza kwa ufundi ni nani adui yake, awe ameshasikia sauti nyingine kwa lugha hiyohiyo, ya mtu aliyewahi kuvuka Ruvuma na bunduki na anayejua ilivyokuwa.